Jinsi ya Kupiga Highlife ya Injili: Mwongozo Kamili kwa Bendi ya Kanisa

Bendi nyingi za makanisa yetu zikijaribu pambio la Kighana au la Kinaijeria, mambo huwa yale yale. Dakika ya kwanza inakwenda vizuri. Ya pili, mpiga dramu ameongeza kasi. Ya tatu, gitaa la solo limepanda juu kabisa na kuanza kuzungusha sebene, na mwimbishaji anabaki kukimbizana na vyombo. Watu wanacheza, ndiyo, lakini kilichopigwa si highlife, ule muziki wa dansi wa Ghana na Nigeria ambao mapambio hayo yamejengwa juu yake.

Vidole havina kosa. Wapigaji wetu wengi wamekua wakisikia rumba na sebene ya Kongo, na wana uwezo mkubwa. Highlife inadai kitu kingine: kila mmoja apige kidogo, aache nafasi, na nafasi hiyo aijaze mwenzake. Wapigaji saba wanaopiga kidogo ndio wanaotoa ule mlio mzito na mtamu mnaousikia kwenye ibada za Accra na Kumasi. Wote wakipiga sana, mlio unapotea.

Zifuateni hatua hizi kwa mpangilio wake. Hatua moja ikikataa kukaa, msiiruke, kwa sababu kila hatua imelalia juu ya ile iliyotangulia.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Wapigaji: dramu, besi, magitaa mawili, kinanda, mtu wa kengele na mtu wa kayamba. Kama gitaa ni moja tu, kinanda kitachukua kazi ya gitaa la pili. Waimbaji wasipungue watatu.

Kengele ya chuma halisi. Waakan wa Ghana wana dawuro, na Waigbo wa Nigeria wana ogene yenye midomo miwili. Kengele ya kufunga kwenye dramu inatosha, hata vipande viwili vya chuma vyenye mlio mkavu vinafaa. Msitumie mlio wa kengele wa kwenye kinanda. Ule haumfundishi mtu kitu, maana anayebonyeza hausikii mkononi.

Kayamba au shekere, yaani kibuyu chenye shanga. Kayamba letu linafanya kazi hii vizuri kabisa.

Simu yenye metronomu, programu ya kupunguza kasi ya wimbo bila kubadilisha ki (kimo cha sauti zake), na kinasa sauti.

Rekodi za kusikiliza. Kwa upande wa Ghana chukueni Tagoe Sisters, Daughters of Glorious Jesus, Esther Smith na Ohemaa Mercy. Kwa highlife ya injili ya Kiigbo, msikilizeni Patty Obasi.

Jambo moja la kuamua mapema: chagueni upande mmoja. Highlife ya Waakan inabebwa na magitaa yanayosukana na sauti zinazokwenda pamoja. Ya Waigbo inasukumwa mbele na ogene, na gitaa lake linazungumza zaidi. Muziki wa injili wa Wayoruba una damu ya juju, muziki wao wa dansi, na ngoma inayosema ndiyo inayoongoza. Mkichanganya yote matatu katika pambio moja kabla hamjalijua hata moja, mtapata uji. Mwongozo huu unafuata njia ya Ghana.

Hatua ya 1: Sikilizeni chombo kimoja kwa wakati mmoja

Chagueni wimbo mmoja tu. Kila mpigaji ausikilize mara kadhaa akifuata chombo ambacho si chake. Mpiga besi afuate kengele, mpiga dramu afuate besi, mpiga gitaa afuate sauti za waitikiaji.

Sababu yake ni kwamba mpigaji akisikiliza chombo chake peke yake hunakili noti na kuziacha nafasi. Na mnachokitafuta hapa ni nafasi.

Punguzeni kasi ya wimbo hadi robo tatu ya ilivyo. Hapo ndipo mtagundua kwamba gitaa mlilodhani ni moja ni magitaa mawili yanayopokezana. Mtu akiweza kuiga kwa mdomo sehemu ya chombo cha mwenzake bila rekodi, hatua hii imekamilika kwake.

Hatua ya 2: Kengele kwanza, vyombo vingine vinyamaze

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanapaona padogo. Kengele hupewa mtu yeyote aliyekosa kazi, mara nyingi mtoto. Kwa Waghana ni kinyume chake: kengele ndiyo saa ya wote.

Gawanyeni mzunguko mmoja katika mapigo manne, na kila pigo katika sehemu nne. Jumla ni sehemu 16. Ili msipotee, semeni neno “tunaimba” mara nne, silabi moja kwa kila sehemu: tu-na-i-mba, tu-na-i-mba, tu-na-i-mba, tu-na-i-mba. Mguu ukanyage chini kwenye kila “tu”. Kisha kengele ilie kwenye silabi zenye herufi kubwa:

TU-na-i-MBA, tu-na-I-mba, tu-na-I-mba, TU-na-i-mba.

Ni milio mitano: sehemu ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13. Mtindo huu unasikika katika kpanlogo, ngoma ya watu wa kabila la Ga wa Accra, na katika nyimbo nyingi za highlife. Ziko kengele nyingine, lakini bendi inayoanza ikiushika huu mmoja imepata msingi wa kutosha.

Wote, wakiwemo waimbaji, wapige makofi ya kengele huku miguu ikikanyaga mapigo manne. Wekeni metronomu kwenye mapigo 92 kwa dakika kwanza. Ikikaa, pandeni hadi 104, kisha 112. Mapambio mengi ya sifa yanakaa vizuri kati ya 108 na 124. Ukipita hapo gitaa linakosa muda wa kupumua.

Angalieni mlio wa nne, ule wa “I” katika pigo la tatu. Watu wengi huuvuta uangukie kwenye mguu, na hapo mtindo wote unakuwa maandamano ya shule. Mguu unakanyaga kwanza, kengele inafuata.

Mtajua imekaa pale mtu mmoja atakapoweza kuimba wimbo wowote anaoujua, mikono ikipiga kengele na miguu ikikanyaga, bila hata kimoja kuyumba. Mkifika hapo, mmeshafanya karibu nusu ya kazi.

Hatua ya 3: Dramu na kayamba

Dramu kubwa ipigwe kwa upole kwenye mapigo yote manne. Upole, nasisitiza. Inatakiwa isikike kifuani kuliko masikioni.

Haihati, zile sahani mbili zinazofungwa kwa mguu, ifunguliwe kidogo katikati ya mapigo, yaani kwenye kila “i” ya “tunaimba”. Snea, ile dramu ndogo ya mlio mkali, isipigwe katikati ya ngozi. Lazeni fimbo juu yake na mgonge ukingo, mkifuata milio ya kengele. Mlio mkavu wa mti unaokwenda na chuma ndio unaoifanya dramu ya highlife itambulike hata ikiwa mbali.

Kayamba litikiswe kwenye sehemu zote 16, na uzito kidogo uwe kwenye “tu”.

Onyo kwa mpiga dramu: usijaze. Kwenye sebene, mpigaji hutangaza mabadiliko kwa mvumo mrefu wa snea. Hapa alama fupi kwenye pigo la nne inatosha, na si kila mzunguko. Ukijaza kila mizunguko minne, unamfukuza mwimbishaji kwenye nafasi yake, kwa sababu katika highlife mwisho wa mzunguko ndipo yeye anapotupia neno la kuita mstari unaofuata.

Rekodini dakika tano za dramu, kengele na kayamba peke yake, kisha mlinganishe kasi ya mwanzo na ya mwisho kwa metronomu. Tofauti ikizidi mapigo mawili, rudieni. Na ukimwona mtu aliyekaa kimya ukumbini ameanza kutikisa bega bila kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) hata moja kupigwa, mko sawa.

Hatua ya 4: Besi inayoacha shimo

Tumieni mzunguko rahisi wa kodi, kodi moja kwa kila mapigo manne: do, fa, so, do. Katika ki ya C ni C, F, G, C.

Kwenye kila kodi mpiga besi ana noti nne tu. Noti ya msingi kwenye sehemu ya 1. Noti ya tano ya kodi, upande wa chini, kwenye sehemu ya 7. Noti ya msingi tena kwenye sehemu ya 11. Noti ya kuvusha kwenye sehemu ya 15.

Noti ya kuvusha ndiyo inayompeleka msikilizaji kwenye kodi inayofuata kabla haijafika. Kutoka do kwenda fa, piga mi. Kutoka fa kwenda so, piga la. Kutoka so kurudi do, piga ti. Ukiwa do na unabaki do, acha sehemu hiyo tupu.

Isipokuwa ile ya kwanza, noti zote zinaanguka katikati ya mapigo. Dramu kubwa inakanyaga, besi inaruka. Mpiga besi akianza kuifuata dramu kubwa pigo kwa pigo, uzito unaongezeka na mwendo unakufa. Muziki unakuwa wa kusukuma gari.

Noti zikatwe fupi kwa kiganja. Noti ndefu zinaziba shimo ambalo gitaa linalihitaji.

Zimeni vyombo vyote, mbaki na besi na kengele. Kama wimbo unaweza kuimbwa juu ya viwili hivi peke yake, besi imekaa.

Hatua ya 5: Magitaa mawili, kazi mbili

Upigaji wa gitaa katika highlife umebeba alama ya wimbo mmoja, Yaa Amponsah, ambao Kwame Asare na wenzake wa Kumasi Trio waliurekodi London mwaka 1928. Mpaka leo wapiga gitaa wengi wa Ghana wanaojifunza kazi huanzia kwenye mtindo wa wimbo huo, na ukisikiliza pambio la kanisani kwa makini utausikia umejificha ndani. Gitaa hupigwa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi za chini, shahada inajibu kwenye nyuzi za juu.

Gitaa la kwanza

Lipige noti mbili mbili zinazokwenda pamoja zikiwa na nafasi ya theluthi, yaani noti moja ya ngazi imerukwa katikati, kama do na mi. Kwa mzunguko wetu, tembeeni hivi:

Kwenye do: mi pamoja na so.
Kwenye fa: fa pamoja na la.
Kwenye so: re pamoja na fa.
Kurudi do: do pamoja na mi.

Kwanza zipigwe pamoja, polepole, mpaka mkono wa kushoto ujue njia. Kisha zivunjwe: gumba lipige ya chini, shahada ipige ya juu, zikipokezana bila kukatika. Mwisho, ondoeni noti zinazogongana na sauti ya mwimbishaji. Kwa nilivyosikia bendi zetu, hatua hii ya kuondoa ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mpigaji akishapata mtiririko mtamu, hataki kuupunguza.

Ukipenda mlio mwembamba wa Kighana, funga kapo (kibano cha nyuzi) kwenye nafasi ya tano au hapo karibu na ubadilishe vidole kulingana na ki. Amplifaya iwe safi. Mlio wa kukwaruza usitumike kabisa. Mwangwi kidogo tu unatosha.

Tofauti kubwa na sebene ni hii. Kwenye sebene, gitaa hukamata kifungu kifupi na kukizungusha mpaka watu wapagawe. Kwenye highlife, gitaa linafuata kodi zinavyobadilika na kuzungumza na mwimbaji. Mwimbaji akiimba, gitaa linashuka. Akinyamaza, linajibu kwa maneno machache. Mpigaji akijisikia amesimama sehemu moja ya mti wa gitaa kwa mizunguko minane, ameshavuka mpaka.

Gitaa la pili

Nyuzi tatu za juu tu, kodi fupi zilizokatwa kwa kiganja, kwenye kila “i” ya “tunaimba”. Halipigi kingine. Kazi hii inachosha moyo, kwa hiyo mpeni mpigaji mtulivu, si yule anayejifunza.

Magitaa mawili yakipigwa bila vyombo vingine, msikilizaji asiweze kusema lipi ni lipi. Ndivyo yanavyotakiwa kusukana.

Hatua ya 6: Kinanda na mabomba

Kinanda kikae nyuma. Mlio wa ogani wenye kodi ndefu, mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto usiguse noti za chini, hizo ni za besi. Kama kanisa lina mabomba, yaani tarumbeta, trombone au saksofoni, yapeni vifungu vifupi vya kujibu kiitikio, kwa theluthi kama gitaa. Kama hamna, kinanda kipige vifungu hivyo kwa mlio wa mabomba, mara chache.

Hatua ya 7: Sauti

Kwaya zetu zimezoea sauti nne za vitabu vya nyimbo, ambapo kila sauti ina njia yake. Hapa acheni zoezi hilo pembeni. Uimbaji wa Waakan hupenda sauti zinazotembea pamoja kwa theluthi: wimbo ukipanda, sauti ya pili inapanda, ukishuka, inashuka.

Kwa hiyo sauti ya kwanza iimbe wimbo wenyewe, ya pili ikae theluthi chini yake. Sauti ya tatu ijaze noti ya kodi iliyobaki, isitembee sana. Bila besi ya waimbaji mambo yanakwenda vizuri.

Mwimbishaji anaita, kundi linaitikia. Kiitikio kianze sehemu ile ile kila mara, hata mwimbishaji akirefusha maneno yake. Yeye ana uhuru, kundi halina.

Waimbeni bila vyombo, mkipiga makofi ya kengele. Sauti zikibaki kwenye ki mpaka mwisho, rudisheni vyombo.

Hatua ya 8: Maneno

Hapa ningependa mtumie muda mwingi kuliko mnavyofikiria.

Mkiimba kwa Kitwi, lugha ya Waakan

Yasomeni maneno kwa maandishi yake kamili, pamoja na herufi ɛ na ɔ, ambazo ni e na o zilizofunguliwa zaidi mdomoni. Maandishi ya mitandaoni mara nyingi huziandika kama e na o za kawaida. Tena, “ky” hutamkwa karibu na ch yetu, “gy” karibu na j, na “hy” karibu na sh. Agyenkwa, yaani Mwokozi, hutamkwa “ajenkwa”. Nimesikia kwaya ikitamka g na y kila moja peke yake, na kifungu kizima kikakosa mwendo.

Kitwi ni lugha ya toni: neno lina silabi za juu na za chini, na wimbo mzuri hufuata milima na mabonde hayo. Ndiyo sababu msiibadilishe tuni ovyo. Kuigeuza tuni kunaweza kuliharibu neno. Mtafuteni Mghana awasikilize, hata kwa simu, na mjue maana ya kila mstari kabla ya kuuimbisha kanisa zima. Watu wanaitikia “Amina” kwa imani, basi wasiitikie wasichokijua.

Mkiimba kwa Kiswahili

Msitafsiri neno kwa neno. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Chetu kina mkazo, na mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tena vitenzi vyetu ni virefu: “anatuhurumia” ina silabi saba, na tuni ya Kitwi aghalabu haina nafasi yake.

Fanyeni hivi. Chukueni wazo la mstari mmoja, funikeni maneno ya asili, kisha mtafute maneno mafupi ya Kiswahili yanayosema wazo hilo. “Bwana u mwema” inaingia pale ambapo “Mwenyezi Mungu anatuhurumia” haingii. Someni mstari kwa sauti juu ya kengele, bila kuimba. Silabi ya mkazo iangukie kwenye mguu au kwenye mlio wa kengele. Noti ndefu ya mwisho ipewe silabi ya mkazo, kisha silabi ya mwisho idondoke fupi: “nashuKUUU-ru”, kamwe si “nashuku-RUUU”.

Mtu wa kanisani asiyejua wimbo akisikia mstari mara moja na kuurudia bila kuuliza umesemaje, mstari huo umepona. Akiuliza, uandikeni upya.

Na kama mnataka kurekodi tafsiri ya wimbo wa mtu na kuuweka mtandaoni, pateni ruhusa ya mwenye wimbo kwanza. Tafsiri nayo ni haki yake.

Hatua ya 9: Kuunganisha mapambio

Ibada za Ghana hazipigi pambio moja na kusimama. Huunganisha mengi katika ki moja, hasa wakati wa sadaka, watu wakienda mbele kwa mstari huku wakipunga vitambaa vyeupe. Bendi inatakiwa ishike mwendo ule ule kwa muda mrefu bila kuchoka.

Anzeni na mapambio matatu yenye kodi zinazofanana. Kubalianeni alama za mikono: moja ya kurudia kiitikio, moja ya kuingia pambio jipya, moja ya kubakiza ngoma na sauti peke yake, moja ya kumaliza. Mwimbishaji aitoe alama mzunguko mmoja kabla.

Mkitaka kuongeza moto, ongezeni watu, si kasi. Gitaa la kwanza lilinyamaza? Liingie. Kisha mabomba, kisha makofi ya kanisa zima. Kupandisha ki kwa nusu sauti au kwa sauti nzima kufanyike mara moja tu, karibu na mwisho. Mkipandisha mara tatu, wazee hawafikii noti za juu na wanaacha kuimba.

Mkikwama

Muziki unakimbia. Mwondoeni mpiga dramu kwenye snea kwa wiki nzima, abaki na dramu kubwa na haihati. Kengele iongoze.

Muziki ni mzito, hauinuki. Besi inafuata dramu kubwa au noti zake ni ndefu. Rudini hatua ya 4.

Kila kitu kiko sawa lakini unasikika kama sebene. Gitaa la kwanza limekaa sehemu moja. Lirudishwe kwenye theluthi zinazotembea na kodi, na lisipande nusu ya juu ya mti wa gitaa kwa mazoezi yote ya mwezi huo.

Unasikika kama rege. Gitaa la pili na haihati vina nguvu kuliko kengele. Shusheni sauti zao, na kengele ipigwe karibu na maikrofoni.

Kanisa linasimama tu na kutazama. Mara nyingi maneno ndiyo yenye shida, kwa hiyo rudini hatua ya 8 kabla ya kugusa chombo chochote. Kama maneno yako sawa, anzeni Jumapili inayofuata kwenye 104, kiitikio kimoja, kengele na sauti peke yake, mpaka kanisa lianze kupiga makofi lenyewe. Vyombo viingie baadaye, kimoja kimoja, besi ikitangulia.